Osha Kwanza, Anika Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kuokoa Vyeti, Picha, Simu na Godoro Vilivyolowa

Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, malalamiko ya Tanga mjini na Pangani ni yale yale. Cheti kilianikwa juani, kikakunjamana na kupauka. Simu ilikaa kwenye mchele siku tatu, ikawaka, kisha wiki ya pili ikazima moja kwa moja. Godoro lilikauka mchana, ilipofika usiku likawa na unyevu tena kana kwamba halijawahi kuanikwa.

Makosa yanayozaa hasara hizi ni mawili: kuanika kabla ya kuosha, na kutafuta joto mahali panapohitaji upepo.

Ukitaka kuelewa kosa la kwanza, kitazame kikopo cha chumvi jikoni kwako wakati wa mvua. Chumvi inalowa yenyewe bila mtu kuimwagia maji, kwa sababu huanza kunyonya unyevu wa hewa pale unyevu huo unapovuka asilimia 75 au hapo. Usiku wa pwani huvuka kiwango hicho mara kwa mara. Chumvi ya baharini ina pia chumvi ya magnesi ndani yake, ambayo hunyonya unyevu hata hewa ikiwa kavu zaidi. Kwa hiyo kitu kilicholoweshwa na maji ya bahari, kikaanikwa bila kuoshwa, hakijakauka. Kimepumzika tu mpaka jua lizame.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kugusa chochote

Maji safi yasiyo na chumvi ndiyo ya kwanza. Ya bomba yanafaa. Visima vingi vya karibu na ufuko vina maji ya chumvichumvi, usivitegemee kwa kazi hii. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote, ila acha bati lioshwe kwa dakika 10 za mwanzo ndipo ukinge.

Tafuta pia:

- mabeseni matatu mapana kuliko karatasi ya A4
- chandarua cha zamani kisicho na dawa, na fremu ya kukitandazia. Kitanda kilichotolewa godoro, chenye chaga zake, kinatosha
- karatasi ya chooni nyeupe, isiyo na maua wala harufu, roli 4 au zaidi
- karatasi nyeupe za kawaida (magazeti yaache kwa viatu, maana wino wake huhamia kwenye kitu kilicholowa)
- nailoni ngumu inayoonyesha, kama jalada la faili la plastiki, vipande viwili vya ukubwa wa A4
- feni ya kusimama au pangaboi
- kanga au leso kuukuu, vibanio vya nguo, glovu na barakoa
- ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, kwa kuhifadhia mwishoni

Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vyenye silika jeli, usivitupe. Vina kazi yake, lakini si sasa.

## Hatua ya 1: Kata umeme, kisha uliza ni maji gani

Maji yakiingia ndani ya nyumba, zima meni swichi kabla ya kukanyaga sakafu iliyolowa. Kama swichi yenyewe iko upande wenye maji, usiifuate. Toka nje, waite TANESCO. Ekstensheni iliyolala sakafuni chini ya maji inaweza kuua bila kutoa hata cheche.

Halafu jiulize maji yametoka wapi, kwa kuwa jibu ndilo linaloamua kazi yote itakayofuata. Maji ya mvua yaliyovuja kwenye bati: unaweza kuanika moja kwa moja. Maji ya bahari, au ya mdomo wa mto Pangani bahari inapopanda: lazima kuosha. Maji ya mafuriko yaliyopita vyooni: vaa glovu, na baadhi ya vitu, godoro likiwa la kwanza, viache viende.

## Hatua ya 2: Panga foleni

Usianze na kitu kikubwa kwa sababu tu kinaonekana. Watu wengi hukimbilia godoro huku simu ikiliwa na kutu mfukoni.

Simu ina dakika. Vyeti na picha vina siku mbili: baada ya saa 48 hivi kuvu huanza kuota kwenye karatasi mbichi, na katika joto la Tanga usishangae ikiwahi. Godoro na viatu vinaweza kungoja hadi kesho, alimradi vimesimamishwa wima maji yachuruzike.

## Hatua ya 3: Simu

Izime, na usiijaribu. Kama imejizima yenyewe, usiiwashe "kuona kama ni nzima". Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na umeme ukipita ndani yake hula shaba ya ubao wa simu kwa dakika chache. Ile kutu ya kijani ambayo fundi hukuonyesha huzaliwa hapo. Kuichaji ni kubaya zaidi.

Toa kava, laini na memori kadi. Kwenye kitochi, toa betri papo hapo. Hiyo ndiyo bahati kubwa ya wenye vitochi.

Kama ni maji ya bahari, suuza. Simu yenye alama ya kuzuia maji, IP67 au IP68, ambayo kioo chake hakijapasuka na haijawahi kufunguliwa na fundi, ipitishe kwenye maji ya bomba yanayotiririka polepole kwa dakika moja. Kumbuka alama hizo hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, tena simu ikiwa mpya. Kitochi kilichotolewa betri unaweza kukisuuza kwa maji ya betri yaliyochujwa yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa uhakikishe si asidi, maana mara nyingi huuzwa kwenye rafu moja. Simu janja isiyo na alama usiisuuze. Ifute, uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

Ikung'ute. Tundu la chaji likitazama chini, igonge taratibu kwenye kiganja mara kumi na tano. Usiitikise kwa nguvu, maji yatakimbilia kwenye kamera. Usichomeke kijiti wala pamba kwenye tundu.

Iegemeze mbele ya feni tundu likielekea upepo, kwa saa 24, na 48 ikiwa ni masika. Draya, jiko na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ni marufuku: joto hulegeza gundi inayozuia maji na huumiza betri.

Sasa mchele. Mchele wa dukani umekwisha kulingana na unyevu wa hewa ya pwani siku nyingi, hauna kiu ya kunyonya chochote zaidi. Simu inayopona ndani ya mchele ingepona hata juu ya meza, na ingepona mapema zaidi kwa sababu mezani kuna upepo. Isitoshe, vumbi la wanga huingia kwenye tundu la chaji. Apple wenyewe, katika maelekezo yao, wanakataza kuweka iPhone kwenye mchele. Upikeni.

Kwa fundi, uliza anasafishia nini. Jibu zuri ni spiriti safi ya asilimia 90 kwenda juu na mswaki laini, ubao ukiwa umetolewa. Akishika tina ya rangi au petroli, chukua simu yako. Mwombe pia akuonyeshe kibandiko kidogo cheupe kilicho ndani: kikiwa chekundu, maji yalifika huko.

*Umefaulu ikiwa* simu inachaji bila kuchemka, spika haikwaruzi, na hakuna ukungu nyuma ya kioo cha kamera. Ukungu huo ukionekana, zima tena, maji bado yamo. Betri ikivimba, mgongo wa simu ukainuka, usiibonyeze: iweke nje juu ya saruji, mbali na nguo, hadi ifike kwa fundi.

## Hatua ya 4: Vyeti, hati na vitabu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo haraka inapoharibu zaidi kuliko maji yenyewe.

Usifungue rundo. Karatasi iliyolowa haina nguvu hata ya kubeba uzito wake. Faili lote lipitishie kanga chini yake, ulinyanyue kama unavyonyanyua kitoto kichanga, ulipeleke mezani.

Pima wino. Bonyeza karatasi nyeupe ya chooni kwenye kona ya mwandiko, usisugue. Maandishi ya mashine ya leza na fotokopi hayatoki. Kalamu ya kawaida ya bolpeni mara nyingi husalimika. Wino wa mihuri, wa kalamu ya maji na wa printa nyingi za rangi hutoka. Karatasi ikishika rangi, hati hiyo usiizamishe: igandamize kwa karatasi kavu tu, ukibadilisha mara kwa mara, na ukubali kwamba chumvi kidogo itabaki. Bora cheti chenye chumvi kuliko cheti kisicho na muhuri.

Osha zile zinazovumilia. Laza karatasi juu ya kipande cha chandarua, izamishe beseni la kwanza dakika 5, ichuruzike, beseni la pili dakika 5, kisha la tatu. Usitumie sabuni, wala jiki. Jiki hula karatasi. Iache kwa sakafu na kuta.

Ujuaje chumvi imekwisha? Dondosha tone la maji ya beseni la tatu juu ya sahani nyeusi au mfuniko mweusi wa sufuria. Pembeni yake dondosha tone la maji safi uliyoanza nayo. Acha yakauke. Tone la kwanza likiacha duara jeupe zito kuliko la pili, rudia beseni moja tena.

Zitenganishe kwa nailoni, si kwa kucha. Weka ile nailoni ngumu juu ya karatasi ya kwanza, ipapase kidogo. Maji yataigandisha karatasi kwenye nailoni. Inua kutoka kona moja, taratibu, na karatasi itafuata nailoni ikaachana na mwenzake. Igeuze juu ya chandarua, bandua nailoni. Kama karatasi haifuati, ongeza matone ya maji; ikiachana kwa sauti ya kuchanika, simama.

Karatasi za kung'aa, kama za magazeti ya picha na baadhi ya vitabu vya shule, zikikauka zikiwa zimeshikana hazitaachana tena maisha. Zianze hizo.

Anika kivulini, penye upepo. Chandarua kilichotandazwa juu ya chaga hupitisha hewa juu na chini, jambo ambalo meza haiwezi. Feni ipulize kando ya karatasi, isizielekee moja kwa moja. Jua hukausha uso kabla ya tumbo la karatasi, ndiyo sababu inakunjamana, na hupausha mihuri. Wakati mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ikifika saa kumi na moja jioni ingiza kila kitu ndani, umande usirudishe ulichokitoa.

Mvua ikinyesha mfululizo, chumba chenye kiyoyozi ni bora kuliko baraza. Yale maji yanayodondoka kwenye bomba lake nje ya ukuta ni unyevu uliotolewa hewani. Kama kuna ofisi ya ndugu au jirani yenye kiyoyozi, omba kona moja kwa siku mbili.

Vitabu na misahafu simamisha wima, kurasa zikiwa zimefunguka kama upepeo, juu ya mahali safi palipoinuka. Weka karatasi nyeupe ya kunyonya kila baada ya kurasa 15 hivi, badilisha kila inapolowa. Ukijaza karatasi nyingi mno mgongo wa kitabu utafunguka. Jalada la ngozi lisipate jua hata kidogo.

Gandamiza mwishoni. Gusisha karatasi shavuni. Ikiwa baridi kuliko hewa, bado inatoa maji. Ikiwa sawa na hewa, ipange katikati ya karatasi nyeupe kavu, juu yake ubao na matofali mawili, siku mbili, ukibadilisha karatasi mara moja. Usipige pasi: rangi ya fotokopi huyeyuka kwa joto ikagandia kwenye pasi.

Huwezi kumaliza ndani ya saa 48? Gandisha. Funga mafungu madogo kwenye nailoni, weka kwenye friza. Friji ya kawaida haitoshi, lazima iwe ile inayogandisha kabisa. Ya jirani anayeuza barafu na lambalamba inafaa. Kuvu haiwezi kuota hapo, na karatasi zitakungoja wiki kadhaa. Kisha yeyusha fungu moja kwa siku, uanzie hatua ya kuosha.

Vyeti vilivyofungwa laminesheni ni mtihani wa peke yake. Maji yakipenya pembeni hayana njia ya kutoka. Usivute plastiki, itatoka na maandishi. Kata ukingo mmoja wa plastiki pale isiposhika karatasi, kisimamishe wima mbele ya feni, siku kadhaa. Kwa vyeti vingine ambavyo bado viko wazi: viweke kwenye mfuko wa plastiki wa kuchomeka, usiviunguze kwa laminesheni.

*Umefaulu ikiwa* karatasi inalia kavu ukiipepeta, haina harufu ya uvundo, na baada ya usiku mmoja wa mvua haijalegea. Ikilegea, kuna chumvi.

## Hatua ya 5: Picha

Picha za studio za zamani zina tabaka la jelatini ambalo huvimba na kuwa laini kama uji. Usiguse uso wake kwa kidole wala kitambaa. Zishike kingoni, zisuuze kwenye beseni la maji safi ya baridi, zianike uso ukitazama juu, au uzibane kona kwa kibanio kwenye kamba ndani ya nyumba.

Zilizoshikana ziloweke hadi dakika 30, ukijaribu kuziteleza kidogo kidogo. Iliyogandia kwenye kioo cha fremu, kama bado imelowa, ilowekwe pamoja na kioo chake. Kama imeshakauka kiooni iache hivyo hivyo, ipige picha kupitia kioo. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino haziloweki kabisa.

## Hatua ya 6: Godoro la sponji

Kwanza hesabu. Lita moja ya maji ya bahari hubeba chumvi gramu 35 hivi. Godoro la nne kwa sita, inchi 6, likilowa chapachapa hubeba zaidi ya lita 100, yaani kilo tatu na nusu za chumvi. Kulianika bila kuosha ni kulalia gunia la chumvi.

1. Vua kava. Lifue peke yake.
2. Laza godoro juu ya saruji yenye mteremko, mwaga maji safi ndoo tatu, likanyage polepole kutoka kichwani kwenda miguuni. Geuza, rudia. Fanya mizunguko minne, na maji ya mwisho uyapime kwa tone kwenye sahani nyeusi.
3. Usilikunje wala kulikamua kama nguo. Sponji iliyojaa maji ni nzito na huchanika yenyewe. Ligandamize kwa ubao.
4. Lisimamishe kwa ubavu, juu ya matofali mawili, upepo ulipige pande zote. Badilisha ubavu wa chini kila baada ya saa tatu, kwa kuwa maji yote hushuka huko.

Hapa jua la siku mbili tatu linaruhusiwa. Likizidi, sponji hugeuka njano na kumeguka kama mkate mkavu.

*Umefaulu ikiwa* ukiweka karatasi ya chooni katikati ya godoro, juu yake ndoo ya maji, ukaiacha saa nzima, karatasi inatoka kavu. Masika hilo linaweza kuchukua siku nne. Madoa meusi yakiwa yamekwisha kuingia ndani ya sponji, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu nyumbani, godoro hilo limekwisha.

## Vingine, kwa ufupi

Viatu vya ngozi: suuza chumvi, jaza magazeti, badilisha kila baada ya saa kadhaa, kaa mbali na jiko. Sabufa: boksi lake la mbao za unga likivimba halirudi, lakini ubao wa ndani na spika vinaweza kuokolewa na fundi. Friji na feni zilizozama: zisiwashwe mpaka fundi apime, hata kama nje zimekauka wiki nzima, kwa sababu nyaya za mota hukauka mwisho.

## Hatua ya 7: Fungasha kwa ajili ya mvua ijayo, au safari ya mashua

Piga picha kila hati kabla ya masika, uzihifadhi mahali pengine nje ya simu yako.

Karatasi zilizokauka kabisa, na hakuna nyingine, ziingie kwenye mfuko wa plastiki wa kuchomeka, mfuko uingie ndani ya ndoo ya lita 20. Ukifungia unyevu ndani umepanda kuvu. Sasa vile vifuko vya silika jeli vina kazi: jumla ya gramu 50 zinatosha ndoo moja, lakini hufanya kazi tu penye mfuniko uliobana. Viache wazi chumbani na vitashiba kwa usiku mmoja. Chembechembe zikishiba, zitoe kwenye vifuko, uzikaushe kwenye ovena ya nyuzi 120 kwa saa mbili, au uzikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mno, kisha uzirudishe kwenye kitambaa chepesi ulichokishona. Za rangi ya buluu usizikaange kwenye chombo cha chakula, zina sumu.

Ndoo ikae juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Kuta za pwani hupitisha unyevu.

Kwa safari ya ngalawa au mashua, simu na hati zinahitaji ngozi mbili. Mfuko wa ndani utoe hewa, ukunje mdomo mara tatu kwa kuelekea upande mmoja, funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mfuko wa pili ufanye vile vile, mdomo ukitazama upande mwingine. Kabla ya kuweka kitu cha maana ndani, weka karatasi ya chooni, zamisha furushi kwenye beseni, lishikilie chini kwa dakika 10. Mapovu yakitoka kwenye mkunjo, toa, ongeza kunjo la nne, jaribu tena mpaka karatasi itoke kavu.